Mpira wa Petroli wa Pikipiki: Kitu Kidogo Chenye Hatari Kubwa

Siku hizi ni vigumu kupata mji au soko katika Kenya pasiposikika mlio wa pikipiki. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, vyombo hivi vimekuwa riziki ya vijana wengi na miguu ya watu wasio na gari. Pikipiki humfikisha mgonjwa zahanati, hupeleka maziwa kwenye mizani na mboga sokoni, na jioni humrudisha mwenyewe kwake na unga wa watoto.

Lakini kila chombo chenye faida sharti kitunzwe. Kati ya tangi la petroli na injini upo mpira mwembamba ambao katika pikipiki nyingi za kazi haupiti urefu wa shubiri moja au mbili. Mpira huo ndio njia ya pekee ya petroli kuifikia injini. Bei yake ni ndogo kuliko petroli ya siku moja ya kazi, na kwa sababu hiyo watu wengi hawauangalii mpaka siku utakapopasuka. Kuubadili si kazi ngumu, wala hakutaki vyombo vingi. Kinachotaka uangalifu mwingi ni petroli iliyomo ndani ya tangi, kwa maana haina budi kumwagwa au kuzuiwa kwanza kabla ya mpira kuondolewa.

Hatari Iliyomo Chumbani

Waendeshaji wengi wa bodaboda hawana banda la kuwekea pikipiki. Kwa kuogopa wezi, huiingiza ndani ya nyumba usiku, na pengine nyumba yenyewe ni chumba kimoja tu. Humo humo mna kitanda, watoto, na jiko la makaa au taa ya koroboi. Mpira wa petroli ukiwa mzima, jambo hilo bado si zuri. Mpira ukiwa na ufa, jambo hilo ni la kufisha.

Petroli haiwaki ikiwa bado maji maji. Kiwakacho ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Mvuke huo hutoka hata mahali penye baridi kali, kwa maana petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara 3 au 4. Haupandi juu ukapotea kama moshi, bali hushuka, ukatambaa sakafuni, ukaingia chini ya kitanda na chini ya mlango, hata ukalifikia jiko lililo upande wa pili. Mtu aliyesimama huenda asisikie harufu kali, ilhali miguuni pake pameenea kitu ambacho cheche moja yatosha kukiwasha.

Yafaa kufanya hesabu kidogo. Mpira unaodondosha tone moja kila sekunde huweza kumwaga zaidi ya nusu lita ya petroli kwa usiku wa saa 10. Lita moja ya petroli, ikigeuka mvuke yote, yatosha kuzifanya mita za ujazo 10 za hewa ziweze kushika moto, nazo ni kama nusu ya hewa iliyomo katika chumba cha futi 10 kwa futi 10. Basi tone dogo si hasara ya senti chache tu. Pikipiki inayodondosha petroli isiingizwe ndani ya nyumba hata usiku mmoja.

Kenya imekwisha kuona kwa machozi tabia hii ya petroli. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, watu wakakusanyika kuchota, na moto uliotokea uliwaua watu zaidi ya 100. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka katika bomba kubwa iliingia katika mfereji penye makao ya Sinai, Nairobi, ikashika moto na kuwaua watu wengi katika nyumba zao. Misiba hiyo ilikuwa mikubwa sana kuliko ule unaoweza kuletwa na tangi la pikipiki, lakini kanuni yake ni moja: petroli hufuata mteremko, mvuke wake huifuata, na moto hufuata mvuke.

Hatari hii ni ya zamani kama chombo chenyewe. Pikipiki ya kwanza ya petroli iliundwa Ujerumani mwaka 1885 na Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, na yasimuliwa kwamba kiti chake kilishika moto safarini kwa sababu ya joto la kiwashio kilichokuwa chini yake. Nalo tatizo la njia ya petroli kuziba halikuchelewa kutokea. Mwezi wa Agosti 1888, Bertha Benz aliendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim pamoja na wanawe wawili. Njiani bomba la mafuta liliziba, naye akalizibua kwa pini ya kofia yake, akaendelea na safari.

Dalili za Mpira Uliochoka

Mpira huzeeka kwa sababu nyingi. Petroli yenyewe hunyonya vile vitu vinavyoufanya uwe laini. Joto la silinda huukausha, jua huupasua, na mtikisiko wa barabara mbovu huusugua penye ncha mbili ulipofungwa. Mwenye pikipiki yampasa kuutazama kila juma anapoosha chombo chake, kwa vidole na kwa macho pia.

Mpira mzima hukunjika kidogo ukibonyezwa, kisha hurudi. Mpira uliochoka huwa mgumu kama ukuni, au huwa umevimba na kuteleza, au huonyesha nyufa ndogo ndogo unapopindwa, hasa karibu na klipu. Ukiwa ule mwangavu, hugeuka rangi ukawa wa manjano au wa kahawia. Harufu ya petroli asubuhi, doa lenye unyevu chini ya injini, na vumbi lililoganda kwenye mwisho wa mpira, zote ni dalili za kuvuja.

Injini inayokosa nguvu katika mlima au kuzimika baada ya mwendo mfupi huenda inakosa petroli kwa sababu mpira umejikunja au umeziba. Lakini kabla ya kuulaumu mpira, fundi hufungua kifuniko cha tangi. Kikifunguliwa na injini ikawaka vizuri tena, kosa ni la kile kitundu kidogo cha kifuniko kipitishacho hewa, ambacho kimezibwa na uchafu. Hewa isipoingia katika tangi, petroli haishuki. Dawa yake ni kusafisha kifuniko, wala si kununua mpira.

Pikipiki Zisizofaa Kuguswa na Asiye Fundi

Maelezo yafuatayo ni ya pikipiki zenye kabureta, ambazo petroli hushuka yenyewe kutoka katika tangi kwa uzito wake. Hizo ndizo nyingi katika kazi ya bodaboda. Ziko nyingine mpya ambazo hazina kabureta, bali zina pampu ya umeme ndani ya tangi inayosukuma petroli kwa nguvu. Mpira wa pikipiki hizo ni wa namna ya pekee, umetengenezwa kuvumilia msukumo, na ukifunguliwa vibaya hurusha petroli usoni. Mwenye pikipiki ya namna hiyo na aipeleke kwa fundi aliyefunzwa kazi yake, wala asikubali kufungiwa mpira wa kawaida.

Vitu Vinavyotakiwa

Kazi hii yataka koleo, bisibisi, spana za kulegezea kiti na tangi ikiwa lazima, wembe au kisu kikali, na matambara makavu ya pamba. Utatakiwa pia mpira wa kumwagia wenye urefu wa kama mita moja, kopo dogo la bati, na faneli yenye chujio la waya. Chombo cha kuwekea petroli kiwe cha chuma, au kile kilichotengenezwa kwa ajili ya petroli, chenye kifuniko kinachokaza. Tena kiwe kikubwa kuliko petroli iliyomo, maana matangi mengi ya pikipiki za kazi huchukua lita 10 au zaidi. Ndoo iliyo wazi haifai. Chupa ya soda haifai kabisa, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hajui tofauti ya soda na petroli.

Kando ya mahali pa kazi pawe na ndoo ya mchanga mkavu, au kizima moto cha unga kama kipo. Vitu hivyo huwekwa kabla ya kufungua msumari wa kwanza, si baada ya moto kuonekana.

Mahali pa Kufanyia Kazi

Kazi hii hufanywa nje, mchana, mahali penye kivuli na upepo mdogo. Haifanywi ndani ya nyumba, wala katika kibanda kilichofungwa, wala jioni kwa mwanga wa koroboi au mshumaa. Pasiwe na jiko, sigara, mashine ya kuunganisha vyuma, wala injini nyingine inayozunguka karibu. Pasiwe na mteremko unaoelekea nyumba ya jirani au mahali pa kupikia. Watoto waondolewe, na wapita njia wenye sigara waombwe kwa adabu kupita mbali.

Injini iachwe ipoe kabisa, mpaka mkono uweze kukaa juu ya bomba la moshi bila kuungua. Ufunguo uondolewe. Kisha waya wa betri wenye alama ya kutoa ufunguliwe, ili pasiwe na cheche. Simu iwekwe kando, na aliyevaa nguo zinazotatarika kwa umeme zinapovuliwa, kama zile za nailoni, yafaa avae za pamba.

Kumwaga Tangi

Chini ya tangi, aghalabu upande wa kushoto, ipo koki ya petroli. Koki hiyo ina mahali patatu: pa kufunga, pa kufungua, na pa akiba, ambapo waendeshaji hupaita rizavu. Ni vema kuelewa jinsi inavyofanya kazi. Ndani ya tangi koki ina njia mbili. Ya kwanza ni kijibomba kirefu kilichosimama, na ya pili ni tundu lililo chini karibu na sakafu ya tangi. Koki ikiwa imefunguliwa kwa kawaida, petroli hupita katika kijibomba kirefu, na ikishuka chini ya ncha yake haitoki tena. Ndipo mwendeshaji hugeuza rizavu, na petroli iliyobaki ikatokea katika tundu la chini. Kwa hiyo anayetaka kumaliza petroli yote katika tangi hana budi kuiweka koki katika rizavu. Asipofanya hivyo atadhani tangi ni tupu, kumbe bado lina lita moja au zaidi.

Kwanza koki hufungwa. Tambara huwekwa chini yake. Klipu iliyo upande wa kabureta hubanwa kwa koleo na kusogezwa nyuma juu ya mpira. Mpira hauvutwi kwa nguvu, bali huzungushwa kidogo kidogo kulia na kushoto mpaka uachie, kisha ndipo huvutwa. Petroli kidogo iliyokuwa ndani yake itadondoka, nayo ipokelewe katika kopo la bati. Baada ya hapo upande wa koki nao hufunguliwa kwa njia ile ile.

Mpira uliogandamana usichokolewe kwa bisibisi. Ncha ya kabureta unapochomekwa mpira ni nyembamba, nayo ikivunjika hasara yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya mpira. Fundi huupasua mpira wa zamani kwa wembe kwa urefu wake, akikata polepole asikwaruze chuma, kisha huubandua kama ganda la ndizi.

Sasa mpira mrefu wa kumwagia huchomekwa katika koki, na ncha yake ya pili huingizwa katika chombo cha petroli. Chombo kiwe kimekaa chini juu ya ardhi, si juu ya kiti wala juu ya gari, na ncha ya mpira iguse upande wake wa ndani. Sababu ni kwamba petroli inayoanguka kutoka juu huzalisha umeme tuli, nao umeme huo huweza kutoa cheche. Kifuniko cha tangi hulegezwa ili hewa iingie, koki hugeuzwa rizavu, na petroli huachwa ishuke yenyewe. Anayemwaga asiondoke hata mara moja.

Tangi la pikipiki limekaa kama tandiko la punda juu ya chuma cha katikati, kwa hiyo petroli kidogo husalia katika upande usio na koki. Ikiwa tangi litasafishwa, hufunguliwa likainamishwa. Ikiwa kazi ni ya mpira tu, mabaki hayo hayana ubaya, mradi koki imefungwa vizuri.

Mwisho humwagwa petroli iliyomo ndani ya bakuli la kabureta. Chini ya bakuli ipo skrubu ndogo ya kumwagia, ambayo hulegezwa bila kutolewa yote, na petroli ikapokelewa katika kopo.

Kunyonya kwa Mdomo ni Kosa

Desturi mbaya imeenea ya kutoa petroli katika tangi kwa kuingiza mpira juu na kunyonya kwa mdomo. Kijana akimwambia fundi mzee, "Mzee, si ninyonye tu itoke upesi?" mzee mwenye busara humjibu, "Mwanangu, koki ipo kwa kazi hiyo. Mapafu yako hayana spea."

Neno hilo ni la kweli. Petroli ikimezwa huumiza, lakini ikiingia katika mapafu, hata kidogo tu, huyaunguza, na huweza kumwua mtu baada ya saa chache. Aliyemeza petroli asilazimishwe kutapika, kwa maana akitapika huweza kuivuta katika mapafu. Asipewe maziwa kwa kudhani ni dawa. Apelekwe hospitali mara moja, hasa akiwa anakohoa au anahema kwa shida. Petroli ikiingia machoni, macho yaoshwe kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika 15, kisha mtu akamwone daktari. Ikimwagikia ngozi au nguo, nguo zivuliwe mbali na moto na ngozi ioshwe kwa sabuni.

Kutazama Kilichotoka

Petroli iliyotoka ina habari ya kueleza. Yafaa kidogo iwekwe katika chupa safi ya kioo na kuachwa itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo kama yamo yataonekana chini kama shanga au kama tabaka la pili. Vumbi jekundu ni kutu ya tangi. Yote mawili huziba kabureta, na mpira mpya hautayaponya.

Kama kutu au maji yameonekana, huu ndio wakati wa kuifungua koki yenyewe, maana tangi likiwa tupu kazi hiyo ni rahisi. Koki hushikwa na misumari miwili au nati moja. Ndani yake mna chujio dogo la wavu, ambalo husafishwa kwa brashi laini na petroli safi. Gasketi yake hutazamwa, na ikiwa imekauka au imepasuka hubadilishwa, maana koki ikirudishwa na gasketi mbovu itavuja mahali papya.

Kuchagua na Kufunga Mpira Mpya

Mpira mpya sharti uwe ule uliotengenezwa kwa petroli. Mpira wa kawaida wa maji, au ule mwangavu wa bei rahisi usiofanywa kwa kazi hii, hulainika na kuvimba au hukauka upesi, ukapasuka tena kabla mwenyewe hajasahau kazi ya kwanza. Muuzaji aulizwe waziwazi, na upana wa ndani ulinganishwe na wa mpira wa zamani. Ukiwa mpana utavuja hata ukikazwa. Ukiwa mwembamba utalazimishwa mpaka upasuke mdomoni.

Mpira wa zamani usitupwe kabla ya kupima, kwa maana ndio kipimo cha urefu. Mpya hukatwa kwa wembe mkali, mkato ulionyooka. Ukiwa mfupi utavutika kila tangi linapotikisika. Ukiwa mrefu utajikunja na kuzuia petroli, au utalala juu ya silinda na kuungua. Njia yake iwe ya kushuka kwa mpindo mpole kutoka koki hadi kabureta, bila kupanda juu njiani, na usiguse mapezi ya injini wala bomba la moshi.

Klipu mbili huvishwa kwanza juu ya mpira. Kisha mpira husukumwa mpaka upite lile tuta dogo lililo katika ncha ya koki na ya kabureta, na klipu hurudishwa nyuma ya tuta hilo. Klipu zilizolegea au zenye kutu zibadilishwe pamoja na mpira. Kufunga kwa waya ni desturi ya watu wengi, lakini waya hukata mpira taratibu kama kisu. Kama pikipiki ina chujio katikati ya mpira, mshale uliochorwa juu yake uelekee kabureta.

Kujaribu Kabla ya Safari

Skrubu ya bakuli la kabureta hukazwa. Petroli safi, kama nusu lita tu, humiminwa katika tangi kupitia faneli yenye chujio. Koki hugeuzwa rizavu, injini ikiwa haijawashwa, na kila maungio hupanguswa kwa kitambaa kikavu au karatasi. Baada ya dakika 10 hutazamwa tena. Palipo na unyevu hata kidogo, koki hufungwa na kazi hurudiwa.

Pakiwa pakavu, petroli iliyobaki humiminwa. Kifuniko hufungwa, matambara yenye petroli huondolewa, na pikipiki husukumwa mbali na mahali palipomwagika petroli. Hapo ndipo waya wa betri hurudishwa na injini huwashwa. Huenda ikachukua muda kidogo kuwaka, kwa sababu bakuli la kabureta lilikuwa tupu. Baada ya safari fupi bila abiria, mpira hutazamwa tena injini ikiwa moto, na mara ya mwisho asubuhi yake. Mpaka asubuhi hiyo ipite pakavu, pikipiki na ilale nje au katika banda.

Petroli Chafu na Matambara

Petroli safi iliyochujwa hurudishwa katika tangi. Iliyo na maji au kutu isimwagwe mtaroni, mtoni, wala shambani, kwa kuwa huharibu maji ya watu na mifugo. Isimwagwe chooni, kwa maana mvuke hujaa shimoni, na mtu akiingia na sigara au kiberiti huwaka naye. Zaidi ya yote, isichanganywe na mafuta ya taa wala kutiwa katika koroboi au stovu, maana hulipuka mkononi mwa anayewasha. Iwekwe katika chombo kilichofungwa na kuandikwa, ikapelekwe gereji inayokusanya mafuta machafu. Matambara yaanikwe nje mbali na moto mpaka yakauke kabisa, yasirundikwe pembeni mwa nyumba.

Moto Ukitokea

Moto wa petroli hauzimwi kwa maji. Petroli huelea juu ya maji, na anayeumwagia maji huutandaza moto mpaka mlangoni pa jirani. Kama koki yafikika bila kuungua, ifungwe. Watu waondoke, na moto mdogo ufunikwe kwa mchanga au unga wa kizima moto. Moto ukiwa umelishika tangi, hapana pikipiki yenye thamani ya roho ya mtu. Watu wakimbie mbali na kuita msaada.

Aliyeshikwa na moto asikimbie, bali alale chini na kubingirika, au afunikwe kwa blanketi zito. Palipoungua pamwagiwe maji safi baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Pasipakwe dawa ya meno, siagi wala unga. Kisha apelekwe hospitali.

Ni Nani Awezaye Kuifanya

Mtu anayeweza kubadili tairi la pikipiki aweza pia kubadili mpira huu kwa saa moja au mbili, mradi afuate utaratibu. Asiyejiamini na ampelekee fundi, lakini akae aone inavyofanywa: petroli imewekwa katika chombo gani, moto uko wapi, na klipu ni za namna gani. Fundi anayefanya kazi hiyo huku akivuta sigara hastahili kulipwa.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari ya mpira wa petroli, ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele, na ukuta unaoweza kuanguka ni ule ambao watoto wamelala nyuma yake. Kuutazama kila juma ni kazi ya dakika moja, nayo haina gharama.